Dafrosa Mfagiaji na Titi la Asali

Siku ya kwanza Dafrosa aliponijia sokoni, alinifukuzia wateja watatu kwa kidole kimoja.

Ilikuwa mwaka wa sabini na sita, mwezi wa tano. Kibanda changu kilikuwa kwenye njia ya kwenda stesheni ya Mpanda, nami nilikuwa nauza vitu viwili visivyofanana. Nilikuwa na asali na nta za misitu ya Ugalla, na nilikuwa na maziwa ya kopo yaliyokuja na treni kutoka Tabora, pamoja na chupa zake za kunyonyeshea. Asali nilinunua kwa watu wa porini nikawauzia watu wa mjini. Maziwa nilinunua kwa watu wa mjini nikawauzia wanaotaka kuonekana wa mjini, na hao ndio walionilisha. Hakuna mteja mtamu kama mke wa karani mwenye matiti yaliyojaa tele, anayenunua maziwa ya ng'ombe wa Ulaya ili jirani aione chupa.

Basi akaja huyo mwanamke, mrefu, mkavu, kitenge kimepauka, miguu imejaa vumbi la Kawajense. Akaokota chupa moja, akaigeuza, akaunusa mpira wake.

"Hii inaoshwaje, mama?"

"Kwa maji. Kwani wewe sahani unaoshea nini?"

"Sahani naingiza mkono. Humu nitaingiza nini?"

"Ingiza akili," nikamwambia.

Wanawake watatu waliokuwa wakichagua chupa wakacheka, nami nikajua nimeshinda. Yeye hakucheka. Akaingiza kidole chake kirefu kwenye shingo ya chupa, kikaenda mpaka kikagoma, kisha akainua mkono juu, chupa inaning'inia kama pete ya jini.

"Kidole kimeishia hapa," akasema. "Kule chini ataosha nani? Mbuzi?"

Wale watatu wakarudisha chupa zao mezani, mmoja baada ya mwingine. Nikamfukuza kwa maneno ambayo siyaandiki.

Nikauliza habari zake, maana adui wa biashara lazima umjue anakolala. Wakaniambia ni Dafrosa, amehamia Kawajense kwa dada yake wakati watu walipokusanywa kwenye vijiji vya ujamaa. Alikuwa mfagiaji katika wodi ya wazazi ya hospitali moja ya misheni, miaka kumi na mmoja. Mume alimwacha kwa sababu hakuzaa, ndiyo maana mwanamke mzima na mvi zake aliitwa jina lake tupu kama msichana wa kuchota maji. Na kazi yake sasa ni nini? Wakacheka. Akisikia mahali fulani kuna mama amejifungua, huenda, hukaa kwenye mkeka, huomba kuona mtoto akinyonya. Hasemi kitu mpaka mtoto aachie titi mwenyewe. Halafu ndipo anaanza kurekebisha watu.

"Analipwa nini?"

"Halipwi. Wakimpa ugali anakula."

Nikamdharau pale pale. Mtu anayefanya kazi bure ni mmoja kati ya wawili: mjinga, au ana bei ambayo bado hajaitaja. Nilidhani ni wa kwanza.

Mwezi haujaisha, akaja kibandani Mama Bernadetha. Huyu namfahamu vizuri, maana mwanawe Gelasius ndiye aliyekuwa mguu wangu wa kulia. Gelasius alikuwa na mizinga mingi Ugalla kuliko mtu yeyote niliyefanya naye biashara, na asali yake haikuwa na moshi wala viluwiluwi vya nyuki. Alikuwa ameingia porini kurina tangu mkewe, Specioza, ana mimba kubwa. Mtoto wa kike alizaliwa baba hayupo, na sasa ana wiki sita.

"Mama Severini," Bernadetha akaniambia, anaegemea meza yangu kama ya kwake, "nipe maziwa ya kopo. Yule msichana wetu hana maziwa. Mtoto anakonda kama kijiti cha kibiriti."

"Hana kabisa?"

Akashusha sauti, ile sauti ya kushusha ili soko zima lisikie. "Yapo, lakini yameharibika. Mtoto kabemendwa."

Watu wa kwetu wanaliogopa hilo neno. Mtoto anayenyonya akidhoofu, husema mama yake amelala na mwanaume kabla ya wakati, maziwa yakaharibika, nguvu za mtoto zikaondoka. Na kama mume yuko Ugalla tangu kabla ya kuzaa, kila mwenye masikio anajua kinachosemwa.

"Gelasius akirudi," akasema, "atamkuta kashafunga mizigo yake, arudi kwao Inyonga. Mtoto nitamlea mwenyewe kwa kopo."

Kisha akauliza bei, akaisikia, akaanza kuondoka. Hapo nikafanya jambo ambalo kila mfanyabiashara hufanya anapoona mteja anageuza mgongo: nikamrahisishia. Nikamwambia kopo moja linaweza kufika mbali, si lazima afuate maandishi ya pembeni, maana hayo ni ya Wazungu wanaotaka limalizike haraka. Kijiko kimoja kwa chupa nzima ya maji kinatosha. Akanunua kopo na chupa. Nikajipongeza.

Siku tano baadaye nikapata habari kwamba mtoto anaharisha. Wako watakaosema niliingiwa na huruma. Huruma haina kibanda sokoni. Mimi nilipiga hesabu ya kichwani: Specioza akifukuzwa, Gelasius ataoa tena, na asali ya msimu mzima itaondoka kuwa mahari. Mtoto akifa ni mbaya zaidi, maana Gelasius atakaa kwenye matanga na mabaraza na ndugu wa Inyonga, na mizinga itarinwa na wezi. Nikafunga kibanda asubuhi ile nikaenda Kawajense kuangalia mali yangu inaharibika kiasi gani.

Specioza alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, titi la kushoto limevimba, jekundu, gumu kama kibuyu, uso unawaka homa. Chuchu zote mbili zimepasuka. Mtoto kapakatwa, midomo mikavu, macho yameanza kuingia ndani.

"Shikamoo, mama," akaniambia, na machozi yakamtoka kwa ile salamu tu.

Nikaona sisimizi. Walikuwa wanapanda kwenye khanga yake kwa mstari, wamenyooka vizuri kuliko wananchi kwenye foleni ya sukari, wanaelekea kifuani.

"Hawa wanafuata nini?"

"Asali," akasema. "Mama mkwe ananipaka kila asubuhi. Kwao mtoto wa mrina asali lazima alambe asali ya baba yake kwenye titi, tangu siku ya kwanza. Dang'a, yale maziwa mazito ya siku za kwanza, aliyamwaga, alisema ni usaha. Na hili lililovimba amesema nisilinyonyeshe, limeoza."

Nimeuza asali maisha yangu yote, lakini sijapata kuona inatumika kipumbavu namna ile. Nikaenda moja kwa moja kwa Dafrosa, nikamkuta anapepeta mpunga kwa dada yake. Nikamweleza. Akaendelea kupepeta.

"Kwa hiyo umekuja kuniomba," akasema.

"Nimekuja kukupa kazi. Taja bei."

"Chupa zako zote ziondoke mezani."

Nikacheka. "Nimalize kwanza zilizobaki."

"Hapana."

"Nusu basi. Nusu niuze, nusu nitupe."

"Mama Severini, mimi si muuza nyanya. Bei yangu ni moja."

Nikajaribu kuondoka, nikitembea pole pole, maana mara nyingi muuzaji humwita mteja akifika kizingitini. Hakuniita. Nikageuka mwenyewe. Katika miaka yangu yote ya kununua na kuuza, huyo ndiye mtu pekee aliyenifanya nigeuke.

"Na kopo lililofunguliwa kule kwa Bernadetha ulichukue, liwe kwako," akaongeza. Hapo nikajua alikuwa yule wa pili, mwenye bei ambayo hajaitaja.

Kazi ya kumshawishi Bernadetha ilikuwa yangu, na mtu kama yule hushawishiwa na kitu kimoja tu. Nikamwambia: siku kumi. Anipe kopo na chupa, amwache Dafrosa afanye anavyojua. Mtoto asipoongezeka, nitamrudishia kopo lake na mengine matatu juu. Macho yake yakang'aa. Kwa makopo matatu Bernadetha angekubali hata mimi nimnyonyeshe huyo mtoto.

"Lakini utajuaje kaongezeka?" akauliza. "Kwa macho?"

Nikaagiza iletwe mizani yangu ya nta, ile ya kuning'iniza, tukaitundika kwenye boriti ya jiko. Majirani wakajaa.

"Mizani yako inajulikana, Mama Severini!" Bernadetha akapaza sauti. "Soko zima linajua inavyokula."

Watu wakacheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Ni Dafrosa aliyejibu, anamfunga mtoto kwenye khanga:

"Mizani ya mwizi huiba leo kama ilivyoiba jana. Tukimpima mara mbili kwa hiyo hiyo, kilichoongezeka ni cha kweli."

Sikujua kama nimetetewa au nimetukanwa. Tukapima, Dafrosa akaweka alama ya mkaa kwenye uso wa mizani, pale mshale uliposimama.

Kisha akaanza. Kwanza aliipapasa nepi, akakuta bado kuna unyevu wa mkojo. "Huyu bado anapigana," akasema. "Lakini jua likifika utosini hajakojoa tena, au akikataa titi, hatukai hapa kubishana, tunakwenda hospitali." Akachukua maji ya vuguvugu akaosha asali yote, sisimizi wakatawanyika kutafuta kazi nyingine. Akamwambia Specioza amweke mtoto kama alivyozoea. Mtoto akalamba ncha ya chuchu, akalamba, akatafuna kwa fizi, Specioza akauma meno.

"Ona," Dafrosa akasema. "Mmemfundisha kulamba. Mtoto halambi titi, si peremende. Analijaza mdomoni."

Bernadetha hakuvumilia tena. "Nani anasema hayo? Wewe? Titi lako limewahi kujua mdomo wa mtoto, wewe ufagio?"

Hilo tusi kwetu ni zito kuliko kofi.

"Halijajua," Dafrosa akajibu, anaendelea kukanda titi lililovimba kwa kitambaa cha moto. "Mimi nilifagia tu. Mfagiaji yuko wodini saa zote, mama yangu, daktari anapita mara moja. Wewe umezaa wangapi?"

"Saba!"

"Wote walilamba asali?"

"Wote! Tangu siku ya kwanza!"

"Wako wangapi?"

Kila mtu pale alijua wako watatu. Bernadetha akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Dafrosa akalikamua lile titi gumu kwa mkono, pole pole, kutoka nyuma kuja mbele, mpaka likalainika kidogo pale kwenye weusi unaozunguka chuchu, mtoto apate pa kushika. Maziwa yaliyotoka akayapokea kwenye kikombe, akamnywesha mtoto kwa ukingo wa kikombe, tone kwa tone, bila chupa. "Eti yameoza," akasema. "Onjeni." Hakuna aliyeonja. Mimi nikaonja, maana mfanyabiashara huonja. Yalikuwa maziwa mazuri tu, yana chumvi kidogo.

Halafu akamfundisha Specioza kumgeuza mtoto mwili mzima, tumbo kwa tumbo, asipinde shingo kama kuku anayeangalia mwewe. Chuchu ielekee puani, si mdomoni. Angoja mtoto apanue mdomo kama anapiga mwayo, ndipo amlete kwenye titi kwa haraka, kidevu kitangulie. Mara ya kwanza akashindwa. Ya pili Dafrosa akamzuia, "Toa, anauma. Ingiza kidole pembeni ya mdomo, usimvute." Ya nne mtoto akashika, mdomo wa chini umepinduka nje, shavu limejaa, ukasikia anameza. Specioza aliinua uso akatazama watu kama aliyesahau kwamba alikuwa akisubiri maumivu.

"Hili lililovimba ndilo anyonye zaidi," Dafrosa akamwambia. "Ukiliacha ndipo litakapooza kweli. Akitaka mpe, asipotaka mwamshe umpe. Chuchu usipake kitu, paka maziwa yako mwenyewe uache yakauke. Na homa isipoondoka kesho kutwa, hospitali, wakaangalie kama kuna usaha." Kisha akamgeukia Bernadetha: "Na huyu apewe ugali wa kushiba. Maziwa hayatoki kwenye masimango."

Siku kumi alikwenda, asubuhi na jioni. Homa iliondoka siku ya tatu. Mimi chupa zangu nilizifungia kwenye gunia nikazitupa chini ya kitanda, na kila mke wa karani aliyezitaka nilimwambia treni haijaleta. Siku ya kumi tukatundika mizani, majirani wengi kuliko mara ya kwanza. Mshale ukapita alama ya mkaa kwa vidole viwili. Bernadetha akaingia ndani akafunga mlango kwa ufunguo, kana kwamba tungemfuata na ile mizani.

Gelasius alirudi siku mbili baadaye, baiskeli imebeba madebe, yeye mwenyewe ananuka moshi na nta. Nikaenda kumpokea kabla wengine hawajamfikia. Nilikuta watu uani, na Bernadetha amesimama katikati, amemshika mtoto, anahubiri.

"Mshukuru huyu, mwanangu," akasema, ananionyesha mimi. "Mama Severini ndiye aliyemponya mwanao. Kwa maziwa ya kopo! Ya mkeo yalikuwa sumu. Mtoto alibemendwa, kila mtu anajua, kopo ndilo lililomtoa kaburini. Sasa wewe amua."

Specioza alikuwa mlangoni, bunda la nguo limekwishafungwa pembeni yake. Hakulifunga yeye. Majirani waliopima mtoto pamoja nami walitazama chini, kila mmoja ana shughuli na kucha zake. Nani atambishia bibi mwenye nyumba mbele ya mwanawe? Dafrosa alikuwepo pia, nyuma kabisa. Akasema, "Si kweli," na Bernadetha akasema, "Sikilizeni, ufagio unasema," watu wawili wakacheka, ikaisha.

Gelasius akanigeukia. Alikuwa na heshima sana yule kijana. "Ni kweli, Mama Severini? Ni kopo?"

Nisimame hapa niseme jambo moja. Nilikuwa na makopo yamejaa kibandani. Neno moja, "ndiyo", na Kawajense yote, na Mpanda yote, wangekuja kununua maziwa yaliyomfufua mtoto wa Gelasius. Hakuna tangazo la redio linaloweza kununua kitu kama hicho. Na kwa neno hilo hilo yule msichana angebeba bunda lake. Nikapima, kama ninavyopima nta. Asali ya Gelasius ilikuwa nzito zaidi. Ndivyo nilivyojiambia, na sitaki mtu aniongezee sababu nyingine.

"Si kopo," nikasema. "Kopo liko kwangu siku kumi na mbili sasa. Mama yako alinirudishia kwa mkono wake, na watu hawa wote wanajua, wanaona haya tu. Mtoto amenenepa kwa titi la mama yake, baada ya huyu Dafrosa kuwaosha ujinga pamoja na asali."

"Kama kopo ni zuri," Gelasius akauliza taratibu, "kwa nini lilirudishwa?"

Mtu wa porini huuliza maswali machache, lakini huyachonga. Nikamtazama Bernadetha, naye akanitazama, na kwa mara ya kwanza tulikuwa upande mmoja.

"Kwa sababu nilimwambia mama yako achanganye mepesi," nikasema. "Ili anunue. Mtoto aliharisha. Maziwa ya kopo ya maji maji, chupa chafu, asali kwenye chuchu, hayo ndiyo yaliyombemenda mwanao. Mkeo hakulala na mtu. Alikuwa na homa na chuchu zimepasuka, nani angemtaka?"

Mtu mmoja akacheka vibaya. Gelasius akamchukua mtoto mikononi mwa mama yake. Akamwinua kidogo, juu na chini, kama anavyolipima debe kabla ya kulifunga. Halafu akaenda mlangoni, akalipiga teke lile bunda la nguo liingie ndani, akaingia nyuma yake. Specioza akafuata.

Basi hivi ndivyo kila mmoja alivyotoka sokoni.

Specioza alibaki na mtoto, mume na nyumba, na mama mkwe ambaye hakumsemesha mpaka Krismasi, jambo ambalo wengi wetu tungelilipia. Bernadetha alipoteza mamlaka ya titi la mkwe wake. Akabaki na ya jiko, akayatumia yote.

Dafrosa hakupewa kitu. Gelasius alimpelekea debe la asali, akalirudisha, akasema nyumba ya dada yake ina sisimizi wa kutosha. Ila chupa zilikuwa zimetoka mezani kwangu, na wenye maduka wengine walipoona sizileti tena wakaogopa, wakadhani najua kitu. Wanawake walioshuhudia mizani wakaanza kumwita, wale wale waliocheka akiitwa ufagio. Wakamwita kila siku, mpaka akawa hana muda wa kupepeta mpunga. Alipata kazi mara tatu zaidi, yote ya bure, na kwa mwanamke yule hiyo ndiyo iliitwa faida. Nilikutana naye njiani mara kadhaa, ananipita mbio, kitenge kile kile.

Na mimi? Makopo yakanikalia mpaka yakapata kutu, maana nani anunue maziwa kwa mtu aliyesema hadharani anavyoyauza? Asali nilikuwa bado naitegemea. Juma lililofuata nikaosha mapipa, nikakaa mbele ya kibanda. Gelasius akaja na baiskeli yake, madebe mawili nyuma, moja mbele. Akapunguza mwendo, akaniamkia vizuri kabisa, "Shikamoo, Mama Severini," akaendelea na safari kwenda chama cha ushirika.